Treni Ambayo Haikuja

Jumapili moja, katika kanisa la mtaa wa Keshero, padri alimwomba Rémy, mzee mgeni kutoka Katanga, asimulie jinsi alivyookoa watu wakati wa vita. Rémy alieleza kwamba mwaka 1998 alikuwa mlinzi wa daraja kubwa la mto Lualaba, ambalo treni na magari hupita njia moja. Kazi yake ilikuwa kushusha barière, kile kizuizi cha barabarani, treni ikija na kuiinua ikishapita. Wakimbizi walipofika, alisema, aliwainulia mchana kutwa.

Mukantwari, muuza samaki wa soko la Kituku, alikuwa benchi la tatu. Alikuwa ameolewa kule, jirani kabisa na kibanda cha Rémy, na mke wa Rémy alikuwa akiazima vyungu vyake. Siku ambayo wanajeshi walianza kuwasaka watu wa asili ya Rutshuru kama yeye, wakiwaita adui, mumewe akiwa safarini, alimbeba binti yao Béata, wa miaka minne, akakimbilia darajani. Rémy aliwapitisha wengine, akamshushia yeye barière. Alimwambia treni inakuja, asubiri kidogo. Mukantwari alimwamini, akakaa kando ya reli siku mbili. Juu kidogo ya mto kutoka darajani, mitumbwi ilikuwa bado inavusha watu. Siku ya tatu mitumbwi ikaondoka. Wiki iliyofuata Béata alikufa kwa homa, wakiwa wamejificha porini.

Baada ya misa, akina mama walimvuta aende kumsalimu mgeni. Rémy alinyoosha mkono. Mukantwari hakuupokea.

"Muzee, ile treni ilifika?"

Rémy akamtambua. Akakiri kwa sauti ndogo kwamba treni ilikuwa haijapita kwa mwezi mzima. Wanajeshi walikuwa wamemwambia kwamba akimpitisha mtu mwenye sura kama ya Mukantwari, watamuua. Aliogopa.

"Ungesema unaogopa, ningeenda kwa mitumbwi," Mukantwari alisema. "Ulinikalisha pale na uongo."

Akina mama wakamsihi asamehe, vita vimekwisha, hapa ni nyumba ya Mungu. Hasira ikawageukia wao. Aliwauliza nani kati yao aliyemzika mtoto kwa kuchimba na sahani. Kisha akamwambia Rémy arudi Jumapili ijayo asimulie upya, na treni iwemo.

Rémy alirudi. Alisimulia mpaka siku ya pili kando ya reli, akashindwa kuendelea, akalia mbele ya watu wote. Nje, Angèle wa kwaya alimwambia Mukantwari kwamba amemwaibisha mzee wa watu. Mukantwari akakubali kuwa amemwaibisha, akakaza kitenge chake, akaenda zake.

Rémy alimfuata hadi barabarani. Alikuwa anarudi Katanga mwisho wa mwezi. Akauliza kaburi la Béata liko wapi, apeleke msalaba.

"Usifike pale," Mukantwari alisema.

Kisha akapanda pikipiki, akamwambia dereva ampeleke Kituku.