Mkwe wa Kujitakia

Kila mwaka, wakati wa baridi, chuo kikuu cha mjini hutuletea huku jangwani basi la wanafunzi wake waje kuwaongoza watoto wetu wa sekondari. Wenyewe wanajiita walezi. Wanakaa wiki moja kwenye mahema nyuma ya shule, wanapiga picha na mbwa wetu, halafu wanarudi kwao wamechoka kama vile ndio waliotuzaa.

Mwaka huo Delvina alipangiwa Fergus. Delvina alikuwa kidato cha mwisho na alitaka kusomea ukunga, basi. Chuo kilitoa nafasi moja kwa shule yetu, pamoja na bweni, na Ijumaa wakubwa wa chuo wangemhoji kwenye kompyuta. Sharti lilikuwa mlezi wake awepo amtambulishe. Akiikosa Ijumaa hiyo angoje mwaka mwingine, na wasichana wa hapa wanaongoja mwaka mwingine huwa wanaungoja wakiwa na mtoto mgongoni.

Delvina ni mdogo kwangu, lakini yeye ni Napanangka na mimi ni Nakamarra, kwa hiyo ni mama yangu mdogo na ndivyo ninavyomwita. Kwetu jina la ukoo ndilo linalosema nani ni nani kwako.

Siku za mwanzo walisoma vizuri, sitasema uongo. Jumatano Fergus akashikwa na tamaa ya kupewa jina la ukoo wetu. Tamaa hiyo huwashika walezi wote. Alimfuata bibi Nungarrayi aliyekuwa anacheza karata, akapiga magoti mchangani, akaomba apokewe. Bibi hakuinua macho. Alimwambia haya, wewe ni mtoto wa kaka yangu, wewe ni Japaljarri, kesho uniletee kuni kwa gari. Fergus akalia. Mwanamume mzima, analilia jina.

Hakuuliza jina linakuja na nini. Japaljarri ni mkwe wa kila Napanangka, na kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawakai chumba kimoja. Alhamisi aliingia darasani kwa kelele zake, Delvina akageukia ukutani na kujifunika kofia ya sweta. Fergus akazunguka ili amwone usoni. Delvina naye akazunguka. Wakazungukana hivyo kama mbwa anayetafuta pa kulala, mpaka Delvina akatoka mbio.

Fergus alimweleza mwalimu kwamba msichana amekata tamaa, kwamba ni woga, kwamba ni historia. Sababu alikuwa nazo gunia zima, isipokuwa yeye mwenyewe.

Tena Japaljarri huoa Nakamarra. Kwa jina hilohilo nikawa mke wake, na wanawake wa karata wakapata kazi ya kunitania. "Nakamarra, mumeo huyo anapita na miguu ya kuku wa kunyonyolewa, mfunike basi." Mimi ni mtu wa haya, hata muuza duka huwa namjibu kwa kichwa. Lakini mtu wa kusema na wote wawili nilikuwa mimi, na mwalimu akanituma.

Nilimwambia Fergus, macho yangu chini, kwamba sasa yeye ni mkwe wa Delvina, arudi kwa bibi aseme jina halitaki tena. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi," akasema. "Jina hili limenibadilisha. Na nyumbani nimeshawaambia wote."

"Na Delvina?"

Akasema ataheshimu mila. Neno mila alilitamka kama mtu anayelamba kijiko.

Ijumaa alikaa mbele ya kompyuta, amejipaka udongo mwekundu mashavuni, sijui kwa ruhusa ya nani. Delvina alisimama mlangoni, amempa mgongo, anatazama barazani alikokaa bibi na mama zake. Fergus akaanza kumtambulisha. Alimtambulisha Japaljarri, alivyopokewa, alivyolia. Mama mmoja wa chuo, kwenye kioo cha kompyuta, aliuliza Delvina yuko wapi. Fergus akamjibu yupo, anampa heshima yake, akaendelea. Yule mama akauliza tena, akasema muda unakwisha.

Delvina angeweza kugeuka, hakuna ambaye angempiga. Lakini angeishije na mama zake baada ya hapo? Nikaingia.

"Mume wangu," nikasema, "toka nje."

Barazani wakacheka. Fergus naye akacheka, akidhani ni utani.

"Toka. Mama mkwe wako anataka kukaa."

"Lakini mlezi lazima awepo."

"Umeshakuwepo vya kutosha, Fergus," akasema yule mama wa kwenye kioo. "Toka, mwanafunzi aingie."

Akatoka, kiti kikaanguka nyuma yake. Delvina alingoja nyayo zake ziishie barazani, ndipo akakaa. Alianza kwa sauti ndogo. Akaeleza mama zetu wanavyojifungulia kwenye gari kwa sababu zahanati iko mbali, na wakifika wanahudumiwa na watu wasiojua nani anaruhusiwa kuwa chumba kimoja na nani. Walipomuuliza maswali, sauti ilikuwa imeshakuwa yake. Wakanong'onezana, wakamwambia nafasi ni yake.

Fergus alikuwa ananingoja barazani. "Tumepata?" akauliza.

Eti tumepata. Nikamwambia Delvina amepata. Akafumba macho, akashika kifua, akanituma nimwambie anajivunia sana, kwamba kazi hii wameifanya pamoja.

Delvina alikuwa ameshatokea mlango wa pili. Nilimkuta kwenye bomba, ananawa uso. Akaniuliza yule amesema nini.

"Hajasema kitu, mama mdogo," nikamwambia.