Mie Usinipimie

Watu wa mtaani kwetu Chamazi wakikwambia Mama Sule ana mkono wa birika, usiwabishie. Mie mwenyewe siwabishii. Sabuni ya mche naikata vipande vidogo natoa kimoja kimoja, kama dawa. King'amuzi nilishakizima, na mume wangu Marijani mpira anakwenda kuuangalia kibandani huko, akitaka. Taa ya uani niliichomoa. Mwizi na aje na tochi yake. Sukari ndo usiseme. Kijiko nakipitisha kidole juu, kisawazike, kisiwe na kilima. Marijani ananiita Waziri wa Fedha, na akiwa na njaa ananiita majina mengine.

Ishu yenyewe ni nyumba. Tulinunua nyumba ya vyumba vitatu kwa mkopo wa benki wa miaka kumi na tano. Marijani ni karani bandarini, na rejesho linakatwa kwenye mshahara wake hata hajauona. Tungeweza kutulia tu likatwe mpaka tuote mvi. Lakini mkopo una riba, na sie ni Waislamu. Siku tunahamia, mama mkwe wangu Bi Mwanahawa alisimama mlangoni na furushi lake la kanga, akaniuliza, "Hii ndiyo ile ya riba?" Nikainamisha kichwa. Akatanguliza mguu wa kulia, akaingia, akasema, "Basi fanyeni hima muimalize, wanangu. Tusije tukafa nayo."

Toka siku hiyo nikajitosa. Nilikwenda Keko kwa fundi mmoja wa makabati, akanitengenezea kibubu kwa vipande vya mbao vilivyombakia. Kila nilichokibana jikoni nakitumbukiza humo, na mwisho wa mwezi Marijani anapeleka benki kama malipo ya ziada, juu ya lile rejesho. Kwa mwendo ule tungemaliza kwa nusu ya muda. Raha niliyokuwa naisikia, sikufichi! Kuna wanawake wanaringia dhahabu. Mie nilikuwa naringia deni linavyoshuka.

Sasa huyu mama. Bi Mwanahawa ni mtu wa Kilwa, ana sauti ndogo na ulimi mtamu. Si wale mama mkwe wa vijembe. Laiti angekuwa wa vijembe, ningejua pa kumjibu. Yeye ukimpa chai anakushukuru, usipompa anakushukuru vilevile.

Siku moja nilikuwa jikoni nachambua mchele, naongea na mdogo wangu Najat kwenye simu. Nimeweka sauti kubwa maana mikono haikuwa na nafasi. Najat akauliza deni limefikia wapi. Nikamwambia linashuka, ila kwa mwendo wa kobe. Nikacheka, nikasema, "Yaani humu ndani tungekuwa watatu badala ya wanne, mbona tungeshakaribia kulimaliza!" Najat naye akacheka, tukahamia habari za harusi ya binamu yetu. Watatu ni mie, Marijani na mwanetu Suleiman. Wa nne alikuwa hapo uani, nyuma ya dirisha, anaanua nguo.

Alhamisi iliyofuata mama akaniambia amefunga.

Funga ya sunna, Jumatatu na Alhamisi, si kitu cha ajabu. Wazee wengi wanafunga. Nikamwonea fahari hata nikawasimulia majirani. Halafu zikaja zile siku tatu za katikati ya mwezi. Halafu akasema ana deni la Ramadhani, siku alizougua malaria. Kila funga ilikuja na sababu yake, na sababu zote ni za dini, sasa wewe utabisha nini? Jioni namwandalia futari, anakula tende, uji kikombe kimoja na kipande cha muhogo, basi. Ukimwongezea anakataa. "Tumbo limeshazoea, mwanangu," anasema. "Limekuwa dogo."

Na mie, Mungu anisamehe, nikawa napiga hesabu. Siku aliyofunga mama ni chai moja pungufu na sahani moja pungufu. Jioni ile hela naichukua naitumbukiza kibubuni. Ikafika mahali asubuhi nikisikia mlango wake unafunguka, natega sikio nijue leo amefunga au hakufunga. Akisema amefunga, moyo unatulia. Haya, nimesema. Nitukane ukitaka, nimestahili.

Mama ana bangili ya fedha, ameivaa tangu harusi yake. Bangili ile ikaanza kuteremka mpaka kwenye vidole kila akiinamisha mkono. Niliiona, tena niliiona vizuri. Unajua nilifanya nini? Nilimshauri aiweke sandukuni isije ikapotea.

Mwaka huu Idd ya kuchinja iliangukia Jumatano. Desturi yetu siku hiyo napika pilau sufuria kubwa, na sinia la kwanza linakwenda kwa jirani yetu Filomena. Filomena ni Mkristo, Mngoni wa Songea, anauza vitumbua nje ya geti lake, na Krismasi naye hutuletea maandazi na soda. Mwaka huu nikasema hapana, pilau ni viungo, ni mafuta, ni nyama. Tukapika wali mweupe na kile kinofu tulichogawiwa msikitini, tukala wenyewe mlango umefungwa. Marijani akauliza, "Na Filomena je?" Nikamjibu, "Filomena anatudai?" Akavuta sahani yake, yule mtoto wa watu. Hela ya pilau ikaingia kibubuni.

Kesho yake, Idd pili, Marijani alikwenda kazini maana alijiandikisha zamu ya sikukuu apate posho. Suleiman alikuwa kwa Najat. Mchana nikaingia jikoni kupika. Mchele wangu naupima kwa kikombe cha plastiki cha bluu, kila mtu kikombe kimoja. Nimeshajaza cha pili, nikasikia sauti mlangoni.

"Mie usinipimie, mwanangu. Nimefunga."

"Mungu akupokelee, mama," nikajibu, hata sikugeuka.

Akaondoka polepole. Nikakirudisha kile kikombe juu ya ndoo nikimwage. Hapo ndipo akili ikaniambia: Mwamvita, leo ni Idd pili. Idd haifungwi. Siku ya Idd kubwa na siku tatu zinazofuata ni haramu kufunga, mtoto wa chuo cha Kurani anajua, na mie nimesoma chuo mpaka nikahitimu. Nikasimama na kikombe changu. Nilijua kuna jambo, na nilijua ni jambo gani. Nikajiambia mama ni mzee, pengine kasahau siku, nitamkumbusha kesho. Kesho! Nikaumwaga mchele ndooni, nikafunika.

Nililala, tena nililala usingizi mzito.

Ijumaa asubuhi nasikia hodi. Ni Filomena, ana bakuli limefunikwa kitambaa.

"Mama Sule, nimewaletea vitumbua vya kufuturia," akasema. "Vya leo leo, vina moto."

"Kufuturia nini tena, jirani?"

"Si funga yenu ya Idd! Juzi nilimtania Bibi, nikamwambia, Bibi, pilau langu mwaka huu limepanda boda likapotea njia? Akaniambia hapana mwanangu, mwaka huu nyumba nzima tumeweka nadhiri, tunafunga sikukuu yote, ndiyo maana jiko halijawashwa. Nikasema makubwa haya! Wenzetu nyie mna imani kwa kweli."

Filomena wa watu hakujua. Muislamu yeyote angeambiwa maneno hayo angecheka, au angekasirika. Lakini yeye alisimama hapo na bakuli lake, ananitazama kwa heshima kabisa, kama anamtazama mtawa. Na mama mkwe wangu, mtu ambaye hajawahi kudanganya hata bei ya dagaa, alimtaja Mungu kwa uongo ili mie nisionekane mchoyo mbele ya jirani.

Nikapokea bakuli. Nilisema asante, nadhani. Uso ulikuwa unaniwaka.

Nikaenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Alikuwa amejilaza ubavu, amejikaza kanga tumboni, fundo limebana, vile watu wanavyofanya njaa ikiuma. Alipouona mlango unafunguka akataka kulifungua lile fundo haraka, vidole havikuwahi.

"Mama," nikasema, "Idd haifungwi."

"Najua, mwanangu."

"Sasa jana? Na leo?"

Akainuka, akakaa, akaivuta kanga yake. "Zile za nyuma nilitia nia, zile ni funga, Mungu atazipokea au hatazipokea, shauri yake. Hizi za Idd sikutia nia. Siwezi kumchezea Mungu. Hizi nimekaa na njaa tu."

"Kwa nini, mama? Mie nimekunyima?"

"Hujaninyima." Akanitazama bila hasira, na hapo ndipo aliponimaliza. "Ulimwambia mwenzio tungekuwa watatu. Nami nikaona ni kweli. Sina mshahara wa kuwachangia, nina kinywa tu, basi nikakipunguza. Nataka nyumba hii itoke kwenye riba ningali hai."

"Yalikuwa maneno ya kwenye simu, mama! Upuuzi tu na Najat!"

"Haukuwa upuuzi. Ilikuwa hesabu."

Nikapiga magoti pale pale sakafuni, bakuli la Filomena bado nimelishika. Nikasema mwenyewe, maana nilijua nisiposema sasa sitasema tena: "Mama, jana nilijua. Ulipotoka jikoni tu nilikumbuka ni Idd pili. Nilijua hujafunga, nikakaa kimya."

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa pale koridoni. Ulisimama sana na kile kikombe." Akaunyoosha ukingo wa kanga. "Nikangoja, nikasema labda ataniita."

Jamani. Ningetukanwa, ningepigwa kofi, ningerudishwa kwetu na sanduku langu, vyote ningevimudu. Hilo neno la kungoja sijalimudu mpaka leo. Nililia mpaka mama mwenyewe akaanza kunibembeleza, ananipangusa uso kwa ile ile kanga ya tumboni. Wahenga walisema, kuruka mkojo na kukanyaga mavi. Samahani kwa lugha, lakini ndivyo tulivyofanya. Tulikuwa tunaikimbia dhambi ya riba mbio mbio, tukamkanyaga mama yetu njiani.

Akala vitumbua vitatu. Nilimtazama akila, naye akawa ananiomba nami nile.

Kibubu nilikifungua kwa bisibisi. Nikaenda sokoni, nikanunua mchele wa Mbeya, nyama ya mfupa, viungo vyote, na sukari ambayo sikuipima. Nikapika pilau ambalo harufu yake ilifika barabarani. Sinia la kwanza nikampelekea Filomena mwenyewe mkononi. "Mmefungua?" akauliza. Nikamwambia, "Tumefungua, jirani," nikageuka haraka asinione macho.

Marijani alirudi magharibi imeshaingia. Akakuta mkeka umetandikwa, mama ameketi, sinia lipo katikati. Akacheka, "Leo kuna nini? Benki wametusamehe?" Akamgeukia mama yake. "Na wewe mama, hujafunga leo?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshajipanga kumwambia kila kitu, neno kwa neno. Mama akaniwahi.

"Idd haifungwi, mwanangu. Mie mzee nilishasahau siku. Mkeo ndiye aliyenikumbusha."

Marijani akanitazama kwa mapenzi, mbele ya mama yake. "Ndiyo maana nilioa," akasema, akanimegea nyama.

Nilitafuna ile nyama. Mama alinitazama, akatikisa kichwa kidogo tu: nyamaza. Nikanyamaza. Sijui kama nilinyamaza kwa kumtii au kwa sababu ilinifaa, na sipendi kujiuliza.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi mama alikula mara tatu, Jumapili mara tatu, na kila mara nilikaa naye mpaka akamaliza. Nikaona basi, yameisha. Marijani aliuliza mbona kibubu chepesi, nikamwambia nimepumzika uwaziri.

Leo ni Jumatatu. Asubuhi nimeamka mapema, nimepika chai ya maziwa yenye tangawizi, nimekaanga mayai, nimeweka na chapati. Nimepanga vyote kwenye trei, nimebisha hodi kwa mama. Alikuwa kwenye mswala, amemaliza kusali, bangili yake ipo mkononi, bado inamcheza.

"Shikamoo mama. Chai hii."

"Marahaba, mwanangu. Lo, umejisumbua. Mie leo nimefunga."

Siku za Idd zimeshapita. Ni Jumatatu, funga ya sunna, halali kabisa. Nikasimama na trei, mvuke wa chai unanipanda usoni. Nikamtazama nione kama ni kweli, na uso wa mama ulikuwa ni ule ule wa siku zote, mtulivu.

"Mama," nikasema, "umefunga kwa ajili ya Mungu?"

Akacheka, kicheko chake kile kidogo. "Weee Mwamvita! Kwani kuna mwingine wa kufungiwa?"

Sikumjibu, maana yupo, naye ndiye mie. Nikarudi jikoni na trei, nikakaa kwenye kigoda, chai ikapoa.