Mshauri na Kitenge cha Tausi

Soko zima la Kikuubo, hapa Kampala, hakuna mtu anayemwelewa Mshauri kama mimi, na tangu nianze kumbonyeza hajawahi kukosea. Mshauri ni programu ya kompyuta. Aliyeitengeneza alikaa na wafanyabiashara wakongwe wa vitenge, akawachota akili yote, akaigeuza kuwa maswali. Wewe unajibu ndiyo au hapana, naye anakwambia agiza, subiri, au achana nayo. Bosi wangu, Mama Kavugho, Mkongo wa Butembo, alinikabidhi kazi hiyo kwa sababu nilimaliza kidato cha nne kule Bungoma na naongea kama mtu aliyesoma zaidi.

Asubuhi hiyo alikuwa na uamuzi mmoja: ajaze kontena zima kitenge cha kijani chenye tausi, au aache. Akiagiza kisinunuliwe, duka linafungwa. Alilisema hilo akimenya ndizi.

"Byron, Mshauri anasemaje?"

"Agiza, bosi. Uhakika asilimia tisini na mbili. Hata daktari hakupi hiyo."

"Na lile swali, kama wanunuzi wakubwa wameiona sampuli?"

"Nilijibu ndiyo."

"Wameiona kweli?"

"Bosi, mashine imekubali, wewe unabishana nayo?"

Akacheka kidogo, akachukua simu ampigie mwenye kiwanda. Kabla laini haijashika, akaingia Mama Esperance, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa moja la Wakongo huko Makindye. Akichagua sare ya sikukuu, kanisa zima linashona. Mnunuzi mkubwa kuliko huyo hatuna.

"Karibu, dada," bosi akasema. "Asante kwa kukipenda kitenge chetu cha tausi."

"Tausi gani?"

Nikadakia. "Mama, umesahau! Ile sampuli niliyowatandikia Jumapili baada ya ibada. Mlipiga vigelegele mpaka mchungaji akatoka kuuliza kuna nini."

Alinitazama taratibu, akianzia viatuni.

"Ya kijani? Tausi amefungua mkia?"

"Hiyo hiyo! Bosi, unasikia?"

"Hiyo naijua," akasema. "Naiona kila nikienda kuchota maji. Si ndiyo pazia la dirisha lako?"

Bosi akaiweka simu mezani.

"Tumepanga vyumba ua mmoja na huyu," Mama Esperance akamweleza. "Juzi kuku walikuwa wanalivuta. Nikafikiri ameoa, maana kijana peke yake anajuaje pazia? Sasa dada, sare yetu lazima iwe kitenge ambacho jicho halijakiona. Niwavalishe akina mama pazia la Byron?"

"Lakini kitaalamu," nikasema, "mnunuzi mkubwa ameiona sampuli. Jibu lilikuwa ndiyo."

Bosi aliifunga kompyuta polepole.

"Byron, kanisani ulienda?"

Mama Esperance akanijibia.

"Huyu? Jumapili sisi tukirudi kutoka ibadani, pazia la tausi bado limefungwa, na ndani mtu anakoroma."