Mfereji wa Bi Mwanakhamis

Namba iliyomuua Bi Mwanakhamis niliichapa mimi, Dama, kwa vidole hivi. Mhandisi wangu Bramwel husema tulikosea sote. Ni mtu mwema, lakini hapo ananibembeleza tu.

Mwaka wa tisini na saba, kabla ya zile mvua kubwa, kampuni yetu ya Kizingo ilipewa kazi ya kutabiri maji yatakavyopita mtaa wa Kuze, Mombasa. Tulipima mifereji na kuingiza vipimo kwenye kompyuta, nayo ikaunda mtaa mzima kwa namba na kuumwagia mvua ya kubuni. Mvua ya muda wa saa sita mashine iliimaliza kwa dakika arubaini. Kwenye skrini, maji yalipopita salama palibaki samawati, yalipojaa pakawa pekundu, na wenye nyumba za pekundu wangeambiwa wahame mapema. Mashine ilijua tu kile tulichoilisha.

Mfereji mmoja ulipita uani kwa Bi Mwanakhamis. Mumewe alikuwa amefariki mwezi uliotangulia na yeye alikuwa kwenye eda, kwa hiyo Bramwel hakuweza kuingia. Alipima pale mfereji unapoingia chini ya ukuta: upana futi mbili. Akazunguka, akapima unapotokea: futi mbili.

"Katikati utakuwa ngapi, Dama?" aliuliza akicheka.

Sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Kuna mwanamke hapo? Na angie yeye apime."

"Nimevaa suruali, mama," nikasema.

"Si neno, mwanangu. Leso n'takupa, ujifunge."

Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoa leso. Nami nilikuwa na kiburi. Katika ofisi nzima nilikuwa mwanamke pekee wa suruali ya kazi na helmeti, na sikutaka Bramwel anione nimejifunga leso kama niliyeitwa kusaidia jikoni.

"Ahsante, mama, tumekwishapata," nikajibu. Alasiri ile nikachapa futi mbili, na ua wake ukabaki samawati.

Majirani zake wote wa kichochoro kile waliingia kwenye orodha ya kuhama, wakahamia kwa jamaa zao. Mvua ilipokuja Oktoba alikuwa amebaki peke yake. Bintiye Mejumaa, karani wa ghala moja la Shimanzi, alimpigia simu akamsihi atoke, akamwambia dharura haivunji eda. Mama akajibu kwamba nyumba yake haimo kwenye orodha, kungekuwa na hatari watu wa kompyuta wangemwambia. Ukuta ulimwangukia adhuhuri, na hapakuwa na jirani wa kusikia.

Ndipo tukaingia uani. Marehemu mumewe alikuwa amejenga choo juu ya mfereji, akayapitisha maji kwenye bomba la inchi sita. Mvua iliposhuka maji yalikosa pa kwenda, yakajaa uani, yakaulainisha ukuta ule wa mawe na udongo mpaka ukaachia.

Nilirudi ofisini nikafuta futi mbili, nikaandika inchi sita. Bramwel alisimama nyuma ya kiti changu, hakucheka. Dakika arubaini baadaye ua ulikuwa mwekundu, kina cha maji futi nne na nusu. Alama ya tope kwenye ukuta uliobaki nilikuwa nimeipima mwenyewe asubuhi: futi nne na nusu. Nilikaa nikailaani mashine ile, na kosa lake ni kusema kweli.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye hitima nimejifunga leso. Niliinunua njiani, bado ilikuwa ngumu kwa dawa ya kiwandani. Mejumaa aliitazama.

"Wewe ndiye yule wa suruali?"

"Ndimi. Nisamehe, dada."

Alisogeza kikombe cha kahawa mbele yangu.

"Mamangu alikungoja," akasema. "Ile leso aliitundika msumarini pale mlangoni, akatukataza kuiondoa. Alisema siku ile ulikuwa na haraka tu, utarudi kupima."