Ua wa Kombe wa Bi Mize

Kombe mzima, yule chaza wa pwani, ukimgusa hufunga gamba lake papo hapo. Wale wa Bi Mize walikuwa wakichelewa, na wengine walibaki wazi hata ukiwatia kidole. Ndiyo maana alipeleka baadhi yao maabara mjini, na ndiyo maana Reem, mtaalamu aliyewapima, alikuja Bwejuu na majibu. Alimkuta ufukweni, maji yamekupwa.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Watapona?"

Ua wenyewe ulikuwa wa mawe, kimo cha magoti. Bi Mize aliujenga kwa mikono yake ili alee kombe wadogo mpaka wakue, wakati wenzake waliokota na kuuza siku ile ile. Sasa alitaka kujua jambo moja: waliobaki hai, awahamishie kwenye maji mengine?

Reem alimwonesha picha kwenye simu: nyama ya kombe iliyokatwa nyembamba kuliko karatasi, ikatiwa rangi.

"Kipande hiki hata paka hashibi," alisema Bi Mize.

"Haya ni matamvua anayopumulia. Yamevimba, yamegandana. Hapa ndipo anaposaga chakula, kuta zimemomonyoka. Tumekuta dawa ya wadudu. Walio hai nao wanayo. Waliofika hapa hawaponi, wala hawafai kuliwa."

Bi Mize aligeuka kulitazama shamba la matikiti la mkwewe, Makungu, nyuma ya minazi.

"Alikuwa akioshea bomba la kupulizia dawa kisimani. Nikamfokea, tutakunywa nini? Mimi ndiye niliyemwambia aje kuoshea hapa. Maji ya bahari tohara, hutakasa kila kitu."

"Tohara ndiyo. Lakini sumu haiondoki kwa tohara, Bi Mize. Na bahari ikitoka, humu uani hubaki maji kidogo tu, na sumu imo humo humo."

 Bi Mize aliinama akaanza kuwatia kombe kwenye gunia, wazima kwa wafu. Reem akakunja mikono ya baibui, akamsaidia.

"Tuwafukie wapi?" aliuliza Bi Mize.

Reem alitazama nyuma. Ardhi yote mpaka kisimani ilikuwa jiwe lenye matundu, mvua ikinyesha huzama moja kwa moja.

"Si hapa."

"Wapi basi?"

"N'takwenda nao mjini. Huko nako sijui watatupwa wapi."

Gunia likatiwa garini. Bi Mize alirudi kubomoa ua kabla maji hayajajaa, asije mtu akauona, akaokota na kula wadogo wenye sumu waliojificha mchangani.