Mianya ya Mama Stesheni

Mwanya mmoja ni urembo, hilo halina ubishi. Wapo waliotungiwa nyimbo kwa mwanya mmoja tu. Lakini Mama Stesheni alijaliwa mitano. Meno yake sita ya mbele ya juu yalikaa mbalimbali kama ndugu waliogombania shamba, na mwenyewe aliyaita uzio. Ndiyo maana miaka yote aliyokuwa mkuu wa stesheni ya treni alicheka amefumba mdomo. Kicheko kilimtokea puani huku mabega yakitikisika, na wafanyakazi wapya walidhani anataka kupiga chafya.

Sasa alikuwa anastaafu. Siku ya kuagwa, Jumamosi, angepigwa picha ya kutundikwa katika ukumbi wa abiria, ukutani pamoja na wakuu wote waliomtangulia, wanaume watupu na wote wamenuna. Yeye alitaka kucheka, tena cheko la meno nje. Akaamua kuiziba mianya yote, na kwa kuwa Mungu hamtupi mja wake, mke wa mwanawe alikuwa daktari wa meno.

Daktari alipoletewa habari hiyo na mumewe, aliketi kitandani akashika tama. Kazi yenyewe haikumtisha. Watu walitoka mbali kumfuata kwa ajili ya kazi hiyohiyo: vigamba vya kauri, vyembamba kama ukucha, vinavyogundishwa juu ya meno na kuyaongezea upana mpaka yakutane. Kilichomtisha ni mwenye kinywa. Tangu aolewe hajawahi kumjibu mama mkwe wake neno zaidi ya "sawa, mama". Mumewe alikuwa hivyohivyo, na shemeji zake wote walikuwa hivyohivyo. Usidhani mama yule alikuwa mkorofi. Alimpenda mkwewe kwa namna yake, yaani kwa kumpa maelekezo: namna ya kukunja shuka, namna ya kushika mtoto, namna ya kufunga mlango wa gari. Mtu anayeinua mkono treni nzima ikasimama, mkwe atafurukuta vipi?

Mama Stesheni alikuja kliniki na sare zake, kofia akamkabidhi msaidizi wa daktari, mama wa makamo aliyekuwa na kazi nyingine za kufanya, naye akabaki ameishika kama sinia ya harusi.

"Sikiliza, mwanangu," Mama Stesheni alisema alipokwisha kujilaza kwenye kiti. "Mimi sitaki meno ya kwenye matangazo. Mtu akiniona nacheka, nataka aone kicheko, asione meno. Adhani nimezaliwa nayo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Na daktari alifurahi kwa dhati, maana hakuna agizo zuri kuliko hilo. Akanyoosha mkono kuchukua kipimo cha rangi, vile vijino vya mfano vilivyopangwa kwenye vijiti kutoka cheupe cheupe hadi cha manjano. Kwake hii ilikuwa sheria isiyovunjwa: rangi kwanza, meno yakiwa bado na mate. Jino likiachwa wazi likakauka, hupauka, kama lipu inavyopauka ukutani ikikauka. Ukichagua rangi wakati huo umejidanganya. Sheria hiyo aliwafundisha wanafunzi wa udaktari waliopita kwake mpaka wakaiota.

"Hicho nini?" mama mkwe aliuliza.

"Kipimo cha rangi, mama. Tunaanza na—"

"Rangi baadaye. Nimesikia kuna ule ujiuji wa kupimia umbo la meno, unaotia kichefuchefu. Anza na huo. Jambo baya limalizwe kwanza, ndivyo ninavyoendesha stesheni."

Msaidizi alimtazama daktari. Daktari alifungua mdomo. Alijua kabisa la kusema, lilikuwa ulimini, halafu likatoka lingine.

"Sawa, mama."

Basi midomo ikatanuliwa kwa plastiki, meno yakapulizwa hewa, picha zikapigwa, ujiuji ukawekwa. Mara ya kwanza uliharibika kwa sababu Mama Stesheni alikumbuka kisa cha mkata tiketi mmoja, akakisimulia ukiwa bado mdomoni. Ukarudiwa. Kisa nacho kikarudiwa. Mpaka daktari anakumbuka vile vijiti vya rangi, kinywa kilikuwa wazi muda mrefu na meno yamekauka kau. Alikuwa anatokwa jasho, mama mkwe anauliza kama wamemaliza. Akachagua rangi haraka, ikalingana na alichokiona, akampelekea fundi wa kauri.

Vigamba vilirudi siku mbili kabla ya sherehe, navyo vilikuwa kazi ya mikono iliyobarikiwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Daktari alivipanga kimoja kimoja kwa tone la maji tu, bila gundi, kama inavyofanywa kwanza ili mtu ajione. Meno yenyewe hayakuwa yamechongwa hata chembe, kwa vile mianya ilikuwa na nafasi ya kutosha. Mianya yote mitano ikapotea. Meno yalikutana mabega kwa mabega, wala hayakuonekana makubwa, maana upana ulikuwa umegawiwa kwa yote sita. Daktari alisikia kifua kikimjaa.

Mama Stesheni akapewa kioo cha mkononi. Akatabasamu. Akatabasamu tena zaidi. Kisha akacheka, mdomo wazi, mara ya kwanza tangu mkwewe amfahamu, na kumbe alikuwa na kicheko kikubwa cha kuvunja vyombo.

"Taratibu, mama, yameshikwa na maji tu!"

"Yagundishe! Yagundishe upesi kabla sijayameza."

Msaidizi alishaanza kupiga makofi. Lakini daktari alikuwa ametulia ghafla. Mate yalikuwa yamerudi kinywani, meno ya pembeni na ya chini yamelowana na kurejea rangi yake ya kweli, na katikati yao yale sita yaling'aa kama vigae vipya vya chooni. Akamwomba mama mkwe asogee dirishani. Kwenye mwanga wa jua ilikuwa mbaya zaidi. Pale pale akakumbuka mkono wake ulivyonyooka kuchukua vijiti na ulivyorudi.

Akafikiri upesi. Mwenyewe kapenda. Msaidizi kapenda. Ukoo mzima ungesifu, nani angejua? Gundi ikishaganda hakuna kurudi nyuma ila kwa kukereza, na Jumamosi kuna picha, na fundi hawezi kutengeneza mengine kwa siku mbili. Njia ya amani ilikuwa nyeupe kama meno yale. Upande wa pili palikuwa na neno moja dogo ambalo hakuna mtoto wala mkwe aliyewahi kulitamka mbele ya mama huyu.

"Siwezi kuyagundisha haya, mama."

Mama Stesheni alishusha kioo. "Unasemaje?"

"Rangi siyo. Ni meupe mno kwako. Watu wataona meno kabla ya kukuona wewe. Siyo ulichoniagiza."

"Mimi nimeyapenda."

"Umependa mianya ilivyoziba, na mimi pia. Hiyo itabaki hivyohivyo. Fundi atatengeneza mengine, umbo lilelile, rangi yako mwenyewe."

"Kwa Jumamosi?"

"Hapana, mama. Kwa wiki ijayo."

Msaidizi alijitia kupanga pamba ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Basi nitayavaa hivi hivi siku ya picha, na maji yake."

"Ukitamka 'ndugu abiria' yatamfikia mpiga picha."

Siku nyingine hilo lingemchekesha. "Nani kakosea rangi? Fundi?"

"Fundi hajakosea. Ni mimi. Nilichukua rangi meno yakiwa makavu, na jino kavu hupauka."

"Wewe si unafundisha watu kazi hii? Ulikosea vipi kitu cha namna hiyo?"

Hapo ndipo daktari alipoona kwamba maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga. "Nilitaka kuanza na rangi, mama. Ukaniambia nianze na ujiuji. Ilikuwa juu yangu kukukatalia, ni kazi yangu na kiti ni changu. Nikaogopa. Nikasema sawa, mama."

Mama Stesheni alitoa vigamba kimoja kimoja kwa vidole vyake mwenyewe, akaviweka kwenye kisahani, akaichukua kofia mikononi mwa msaidizi, akaivaa mbele ya kioo cha ukutani, akatoka. Hakuaga. Mlango aliufunga kwa utaratibu sana, na hilo ndilo lililomtia daktari baridi.

Nyumbani mumewe alisikiliza mkasa wote huku kijiko kikiwa hewani. Alikuwa mwanamume wa kimo cha mlango, fundi umeme asiyeogopa nguzo wala radi.

"Umemkatalia mama," alisema.

"Nimemkatalia."

"Mama? Mama yangu mimi?"

"Una mama wangapi?"

Akakirudisha kijiko kwenye sahani. "Na bado yuko hai? Namaanisha wewe," akajirekebisha, "na wewe bado uko hai?" Alicheka peke yake, kisha akamshika mkewe mkono. Kwa mara ya kwanza daktari alitambua kwamba mumewe anamwonea fahari, na kwamba anaogopa kulisema hilo hata chumbani mwao.

Jumamosi jukwaa la stesheni lilipangwa viti. Wakubwa wa reli walikaa mbele, wafanyakazi nyuma yao, jamaa pembeni. Daktari alichagua kiti cha mwisho kabisa, karibu na mizani ya mizigo. Alikuwa amejiandaa kwa lolote, kusutwa, kupitwa bila salamu, au maneno ya kumtupia jiwe gizani, ambayo mama mkwe aliyajua yote. Ila jambo moja hakuwa nalo, nalo ni majuto. Usiku alijitafuta kama anayo, akaona hana.

Mama Stesheni alisimama kutoa shukrani. Alishukuru kila aliyestahili, na wawili wasiostahili.

"Wengi mlijua leo ningekuja na meno mapya," alisema. "Niliwatangazia mwenyewe. Sasa mnaniangalia mdomoni, mnaona uzio uko palepale, mnaona haya kuuliza. Msione haya. Meno yalikuja. Mazuri kweli, nikayapenda. Nikaamuru yagundishwe. Daktari akakataa."

Minong'ono ikapita viti kwa viti. Mumewe daktari alianza kuchunguza viatu vyake.

"Kazi yangu hapa ilikuwa moja. Si kuondosha treni. Kuondosha treni hata mbuzi anaweza. Kazi yangu ilikuwa kuikataza isiondoke kama njia haiko salama. Wakubwa hawa hapa wamenipigia simu wakifoka, kuna mheshimiwa amechelewa, achia treni! Nikasema haiondoki. Mnakumbuka au hamkumbuki?"

Wakubwa wa mstari wa mbele walikumbuka. Mmoja alikohoa.

"Nilikuwa nasikitika kwamba nyumbani kwangu hakuna aliyerithi. Watoto nimezaa, wazuri, wana adabu, lakini wote ni 'ndiyo mama, sawa mama'. Niliwalea mwenyewe hivyo, simlaumu mtu. Sasa juzi binti mmoja amenitazama usoni akaniambia hapana. Akaniambia kosa ni lake, na akaniambia lilivyonihusu mimi. Nilikasirika! Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu kwa hasira, nikalipita na gari langu mwenyewe kwenye maegesho."

Watu wakaangua kicheko.

"Nilipofika mlangoni hasira zikaisha, nikabaki na fahari. Nikasema, kumbe mrithi ninaye. Hakupita kwa mlango wa uzazi, amepita kwa mlango wa ndoa. Yuko pale nyuma, kwenye mizani. Mkwe wangu, simama wakuone."

Daktari alisimama. Alisimama wima, na hakuinamisha uso kama mke wa mwana anavyotarajiwa. Alikuwa analia na wala hakuficha. Walimpigia makofi wafanyakazi wa reli, watu wanaojua neno "hapana" lina uzito gani kwenye njia ya treni, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mtu wa kimo cha mlango aliyekuwa ameacha kuchunguza viatu.

Mpiga picha akaita. Mama Stesheni alikaa kwenye kiti, akaweka kofia sawa, akacheka mdomo wazi, mianya yote mitano nje. Picha ikapigwa hivyo.

Baadaye, vinywaji vikigawiwa, alikuja na kiti chake mwenyewe mpaka kwenye mizani, akaketi ubavuni mwa mkwewe kana kwamba hajasema lolote lisilo la kawaida.

"Yale mengine nitakuja lini kuchukuliwa rangi?"

"Jumatatu, mama. Kliniki tunafungua saa mbili."

"Nitakuja alfajiri. Sipendi foleni."

"Saa mbili, mama."

"Nimesema alfajiri."

"Nimekusikia, mama. Saa mbili."

Mama Stesheni alimkazia macho yale yaliyosimamisha mabehewa. Daktari naye akamtazama, akanywa soda yake, akasubiri.

"Haya," alisema mama mkwe. "Saa mbili."