Maharage Mabichi

Shangazi alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya bafu, kakumbatia ndoo. Alikuwa akitapika tangu alfajiri. Binti alipoona mashine ya kusagia imejaa unga mweupe, moyo ulimlipuka.

"Shangazi, umekunywa nini?"

"Maharage. Mabichi." Akahema. "Si bango lenu linasema yakipikwa nguvu yake inapotea? Na vidonge vyenu vya maharage, vile vya kupunguza mwili, ni ghali, mwanangu. Nikasema nisage mwenyewe, nipungue, nivae gauni siku ya harusi yako. Kama utaolewa kabla sijafa."

Hospitalini wakamtundikia dripu. Daktari akasema maharage mabichi yana sumu. Moto ndio unaoiua. Binti hakuhitaji kuambiwa. Yeye ndiye mtaalamu wa lishe wa kampuni inayouza vidonge hivyo. Onyo hilo alikuwa ameliandika kwenye bango, bosi akalifuta.

Kesho yake aliingia dukani, macho mekundu.

"Neno sumu haliuzi, dada," bosi alisema, akipanga makopo.

"Shangazi yangu kalazwa."

"Pole. Lakini alikunywa vidonge vyetu? Hakunywa. Basi hatuhusiki." Akaangalia saa. "Wateja wanakungoja mezani. Kawaeleze ule utafiti wa vidonge, na utabasamu."

Binti akaenda mezani. Wateja walikuwa wamejaa.

"Utafiti upo, sikatai," alisema. "Ni mdogo. Waliopungua wamepungua kilo moja, mbili, na wengi walikuwa wamepunguza na chakula. Anayewaambia mle mpendavyo, kidonge kitawazuia kunenepa, anawadanganya."

"Wewe," bosi akaita.

"Na maharage mabichi msisage nyumbani. Yana sumu. Bango halisemi kwa sababu huyu hapa alilifuta onyo langu."

"Chukua mkoba wako uondoke."

"Nitauchukua nikimaliza." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Shangazi yangu amenilea kwa mikono yake. Jana nimemwokota sakafuni kama nguo iliyolowa. Unajua kusema pole tu?"

Mzee mmoja akarudisha kopo mezani. "Kumbe tunakula matangazo," akasema, na wenzake wakaguna.

Mama aliyesimama mbele hakuguna. Alikuwa ameshatoa simu, ameibana sikioni.

"Pokea, mwanangu," alikuwa akisema. "Pokea. Kile kikombe nilichokuachia mezani, usikinywe."